Mwadui: Mji Uliozaliwa Ndani ya Ua

Msafiri atokaye Shinyanga kwenda Mwanza kwa barabara hupita katika uwanda mpana usio na milima ya kutajika. Huona mibuyu iliyosimama mmoja mmoja, majabali yaliyorundikana kana kwamba yamepangwa kwa mikono, mashamba ya pamba na mtama, na ng'ombe wengi. Akiisha kwenda kiasi cha kilomita 30 hufika Maganzo, mji mdogo wa maduka na magenge uliojipanga kando ya njia. Hapo huona kwa mbali vilima vya vichwa bapa ambavyo havikuwapo tangu kuumbwa kwa nchi. Ni marundo ya udongo uliokwisha kuoshwa na kuchekechwa. Karibu na marundo hayo ndipo ulipo Mwadui.

Kwa utawala wa leo Mwadui umo katika Wilaya ya Kishapu, iliyokatwa kutoka Wilaya ya Shinyanga Vijijini mwaka 2002. Mji wenyewe ni mdogo. Mtu mwenye miguu mizuri aweza kuuzunguka kwa muda mfupi. Walakini jina lake limejulikana kwa wafanyabiashara wa London na Antwerp tangu zamani ambapo wengi wao hawangeweza kuionyesha Shinyanga katika ramani. Mji huu haukuanzwa na soko, wala njia panda, wala boma la serikali, kama ilivyoanza miji mingi ya bara. Ulianzwa na shimo. Na shimo lilizungushiwa ua kabla nyumba hazijawa mji. Jambo hilo moja ndilo lililotawala maisha ya Mwadui kwa zaidi ya miaka 80, na mtu asiyelishika hataielewa historia yake.

Nchi ya Usukuma iko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,200. Mvua zake si nyingi: katika Shinyanga hunyesha milimita 600 hata 800 kwa mwaka, nazo huja kati ya Novemba na Aprili au Mei, tena kwa kubahatisha. Baadaye hufuata kiangazi kirefu ambacho ng'ombe hukonda na visima vifupi hukauka. Udongo nao si wa namna moja. Juu, karibu na majabali, ni mchanga mwepesi ambao Wasukuma huuita luseni. Chini mabondeni ni mbuga, udongo mweusi mzito ambao wakati wa mvua hunasa magurudumu na miguu, na wakati wa jua hupasuka nyufa za kuingia mkono. Mkulima wa Kisukuma hupima shamba kwa udongo kwanza, ndipo apime kwa hatua.

Watu wa nchi hii walijua nyua za namna mbili tangu zamani. Wa kwanza ni ua wa minyaa, ule mmea wenye maziwa machungu ambao ng'ombe haugusi. Huo huzunguka kaya, na ndani yake hukaa watu na zizi. Wa pili ni ngitili, yaani sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua ili majani yakue, ikafunguliwa kiangazi kikali kinapofika. Ngitili nyingine ni za kaya, nyingine za kijiji, na mtu aliyeingiza mifugo yake kabla ya siku zake aliweza kushtakiwa mbele ya dagashida, mkutano wa wananchi wenyewe. Nyua hizo mbili ziliwekwa na watu waliokaa humo, nao ndio walioamua siku ya kufunga na siku ya kufungua. Ua wa tatu, wa waya, ulikuja baadaye na mgeni.

Kabla ya kuusimulia huo yafaa kutazama chini ya ardhi. Almasi huzaliwa kwenda chini sana, zaidi ya kilomita 100, penye joto na mgandamizo mkubwa. Hupandishwa juu na miamba iliyoyeyuka ambayo katika zama za kale ililipuka kwa nguvu na kupasua tabaka za juu. Mahali ilipotokea, mwamba huo hubaki kama bomba lililojaa mawe ya namna ya pekee. Wanajiolojia huyaita kimbalaiti, kwa jina la Kimberley ya Afrika Kusini. Bomba la Mwadui lina umri wa kiasi cha miaka milioni 50, ambao kwa hesabu za miamba ni ujana. Mengi ya Afrika Kusini ni mazee zaidi sana. Kwa kuwa ni jipya, mvua na upepo havijapata muda wa kulila. Kinywa chake cha juu bado kipo, na ndani yake zimeonekana tabaka za matope ya ziwa lililokuwa limejaa katika shimo la mlipuko. Ndiyo sababu uso wake ni mkubwa mno, kiasi cha hekta 146. Ni machache sana duniani, miongoni mwa yale yenye faida ya kuchimbwa, yaliyo na uso kama huo.

Lakini ukubwa wa uso si wingi wa almasi. Katika miaka ya karibuni mgodi ulipata kiasi cha karati 6 katika kila tani 100 za mwamba. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Basi tani 100 hutoa gramu 1 na kitu kidogo. Hesabu hiyo hueleza mambo mawili ambayo macho ya msafiri yalikwisha yaona bila kujua sababu. Kwanza, inaeleza yale marundo makubwa, kwa maana karibu kila kitu kinachochimbwa Mwadui hutupwa. Pili, inaeleza ule ua. Kitu chenye thamani ya nyumba huweza kufichwa chini ya ulimi.

Uwanda wenyewe, kabla ya mgodi, haukuwa pori tupu kama wageni wengine walivyopenda kuandika. Mwanzoni mwa utawala wa Waingereza sehemu kubwa ya Shinyanga ilikuwa imeshikwa na mbung'o, na ng'ombe wakasukumwa nyuma mwaka hata mwaka. Serikali ilimtuma C. F. M. Swynnerton kuutafiti ugonjwa huo, naye akaifanya Shinyanga kuwa kituo chake mpaka alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Dawa iliyotumika ilikuwa shoka na moto. Maelfu ya watu waliitwa kufyeka miti ili mbung'o wakose kivuli. Mbung'o walirudi nyuma kweli. Lakini na miti ilikwisha, hata nusu karne baadaye, mwaka 1986, ikabidi kuanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofahamika kwa jina la HASHI, ambao kazi yake kubwa ilikuwa kuwarudisha watu kwenye ngitili walizokuwa nazo zamani. Si mara nyingi serikali hukiri kwamba mzee wa kijiji alikuwa sahihi, na hapo ilikiri.

Njia ya reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikikata nchi ya Shinyanga. Pamba ikapata usafiri. Almasi nazo hazikuwa jambo geni kabisa, kwa kuwa huko Mabuki, kusini ya Mwanza, zilikwisha kuchimbwa kabla ya Vita ya Pili ya Dunia, ingawa si kwa wingi wa kutajirisha mtu.

Mabuki ndiko alikofanya kazi John Thorburn Williamson. Alizaliwa Quebec, Kanada, mwaka 1907, akasoma jiolojia katika Chuo Kikuu cha McGill mpaka akapata udaktari mwaka 1933. Mwaka uliofuata akaja Afrika, kwanza Rhodesia ya Kaskazini, kisha Tanganyika. Waajiri wake wa Mabuki walipochoka kutafuta, yeye hakuchoka. Alishika shauri moja: kwamba almasi chache zilizotapakaa katika changarawe za Usukuma hazikuanguka kutoka mbinguni, hapana budi liko bomba lililozizaa. Kwa miaka kadha alizunguka na watu wachache wa kupima mchanga, gari bovu na madeni. Aliyemsaidia kwa fedha na kwa sheria alikuwa wakili wa Kihindi wa Mwanza, I. C. Chopra, ambaye baadaye alikuwa mwenye hisa pamoja naye. Mnamo Machi 1940 bomba lilipatikana Mwadui.

Juu ya siku hiyo husimuliwa hadithi nyingi. Iliyoenea zaidi ni kwamba jiwe la kwanza lilionekana chini ya mbuyu. Yawezekana, katika nchi ile ni vigumu kuketi kivulini pasipo kuwa chini ya mbuyu. Jambo ambalo hadithi hizo hulisahau ni kwamba walioinama, wakachota, wakaosha na kuchekecha walikuwa Waafrika ambao majina yao hayakuingia katika vitabu. Hadithi hupenda mtu mmoja, hali mgodi haupatikani na mtu mmoja.

Wakati huo dunia ilikuwa vitani. Mitambo mipya haikupatikana, kwa hiyo Williamson alijenga kiwanda chake cha kwanza kwa vyuma vya kuungaunga. Vita yenyewe ilimfaa, kwa sababu almasi hazikutakiwa kwa pete tu. Zilitakiwa viwandani kukata na kusaga vyuma vya silaha. Vita ilipokwisha Mwadui ulikuwa umesimama. Mwezi wa Oktoba 1947 ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyekuwa akiolewa mwezi uliofuata. Ilikatwa London ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 nyumba ya sonara ya Cartier iliiweka katikati ya ua la bruchi. Malkia alilivaa pambo hilo mara nyingi mpaka uzeeni. Hivyo jiwe la Usukuma lilionekana katika picha za magazeti ya dunia nzima, wala wengi wa walioliona hawakuuliza lilitoka shimo gani.

Williamson hakuwa mtu wa kuongozwa. Biashara ya almasi duniani ilikuwa imeshikwa na shirika la London, chini ya De Beers, lililonunua mawe yote na kuamua kila mwaka yauzwe mangapi ili bei isianguke. Mwaka 1947 alikubali kuuza kwa njia hiyo. Baadaye akagoma, akaziweka almasi zake akiba badala ya kuziuza kwa masharti ya wengine, mpaka yakapatikana mapatano mapya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wako waliomwona mjuba. Lakini ukaidi wake uliifaa pia serikali ya Tanganyika, iliyopata kodi yake, na katika miaka ile almasi zilihesabiwa miongoni mwa bidhaa kubwa za nchi pamoja na katani, pamba na kahawa.

Mtu huyo aliyekataa kutawaliwa na London alitawala Mwadui peke yake. Hakuoa, hakupenda wageni wengi, na mji aliujenga kama mtu ajengavyo kaya. Alichimba mabwawa ya kukinga maji ya mvua, kwa maana changarawe haioshwi kwa upepo. Alileta umeme wakati Shinyanga bado ilitumia taa za mafuta katika nyumba nyingi. Zikajengwa hospitali, shule, maduka, uwanja wa ndege, uwanja wa gofu. Na juu ya maji ya bwawa, katika nchi ambayo kiangazi watu hupanga foleni ya ndoo, waajiriwa wa juu walicheza mashua za matanga. Nyumba ilifuata cheo, na cheo katika zama zile kilifuata rangi. Hata hivyo mfanyakazi wa chini alipata mshahara wa kila mwezi, dawa na maji safi, vitu ambavyo ndugu yake nje ya ua hakuvipata kwa urahisi. Ni haki kusema hivyo. Vijana wengi wa Kisukuma walijifunza ufundi wa mitambo na umeme hapo, na ufundi huo ulikwenda nao popote walipokwenda.

Ila vitu hivyo vyote vilikuwa na mwenyewe mmoja. Barabara ilikuwa ya mgodi, na taa za barabarani za mgodi. Shule na msikiti na kanisa vilisimama katika ardhi ya mgodi. Mtu aliingia kwa cheti na kutoka kwa kupekuliwa. Hakuna aliyezaliwa Mwadui akaweza kusema kwamba kiwanja kile ni cha baba yake.

Hapa kulinganisha na mahali pa mbali kwaweza kufaa. Katika Ujerumani iko miji midogo ambayo nayo iliumbwa na kitu kitokacho ardhini: maji ya moto, au yenye chumvi na chuma, ambayo wagonjwa huyanywa na kuyaoga. Mingi hutanguliwa na neno Bad, yaani maji ya kuogea: Bad Ems, Bad Kissingen, na kadhalika. Mwaka 2021 UNESCO iliingiza miji 11 ya namna hiyo ya Ulaya katika orodha ya urithi wa dunia, na mitatu kati yake ni ya Ujerumani. Mji wa chemchemi huishi kwa kumkaribisha mgeni. Humpandia bustani na kumpigia muziki, naye hulipa ushuru mdogo kwa kila usiku anaolala. Maji hunywewa leo na kesho yakatoka tena. Mji wa almasi una tabia kinyume na hiyo. Mgeni kwake ni mashaka, na kila jiwe litokalo halirudi. Yote miwili huishi kwa bahati ya chini ya ardhi, lakini mmoja hukua kwa kufungua mlango na mwingine kwa kuufunga.

Tena hapahapa Usukuma ulikuwapo mfano mwingine ulio karibu zaidi. Katika miaka ya 1950, Mwadui ulipokuwa katika fahari yake, wakulima wa pamba wa nchi ile walikuwa wakijiunga katika vyama vya ushirika. Walichoka kudanganywa katika mizani, wakaanza kwa kupima pamba yao wenyewe. Na mwaka 1955 vyama hivyo vikaunganishwa kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, likiongozwa na Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa waziri wa fedha. Shirikisho hilo likapata kuwa na viwanda vyake vya kuchambua pamba. Mkulima asiyejua kusoma aliweza kusimama mkutanoni akauliza fedha zimekwenda wapi. Swali hilo Mwadui halikuwa na mahali pa kuulizwa. Utajiri wa pamba ulipita katika kila mkono wa nchi, ukaacha vumbi na ugomvi na maarifa. Utajiri wa almasi ulipita kwa ndege.

Williamson alifariki tarehe 7 Januari 1958 kwa saratani ya koo, akiwa na umri wa miaka 50. Ndugu yake Percy alirithi sehemu kubwa, na katika mwaka huohuo mgodi ukauzwa kwa kiasi cha pauni milioni 4, nusu kwa De Beers na nusu kwa serikali ya Tanganyika. Kwa hiyo uhuru ulipofika mwaka 1961, dola changa ilijikuta tayari ni mbia wa shimo la almasi. Katika miaka ya 1970 serikali ikautwaa mgodi kabisa. Wengi walitumaini kwamba sasa ua ungepoteza maana yake, kwa kuwa mali ilikuwa ya umma. Ua ulibaki. Almasi haijui kama ni ya umma au ya bepari, hufichika vilevile. Kilichobadilika ni kwamba cheo ndani ya ua kilifunguliwa kwa Waafrika, na nyumba zilizokuwa za wageni zikakaliwa na wananchi. Hilo halikuwa jambo dogo.

Lakini miaka ya 1980 ilikuwa ya uchovu. Fedha za kigeni zilikosekana, mitambo ikazeeka bila vipuri, na uzalishaji ukashuka. Mwaka 1994 De Beers walirudi wakachukua asilimia 75, serikali ikabaki na 25. Mwaka 2009 hisa hizo zikawa za kampuni ya Petra Diamonds. Mwaka 2017 serikali ilizikamata almasi za Mwadui, karati zaidi ya 71,000, katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, ikidai kwamba thamani iliyoandikwa ilikuwa ndogo kuliko ya kweli. Ubishi huo ulimalizwa kwa mapatano ya mwaka 2021, ambayo kwayo sehemu ya serikali ilipanda kufikia asilimia 37. Mwaka uleule jiwe jingine la waridi, la karati 32.32, liliuzwa kwa dola milioni 13.8 za Kimarekani. Mwaka 2025 kampuni ile nayo ikauza hisa zake.

Hiyo ni historia ya wenye mgodi, na inaandikika kwa urahisi kwa sababu ina hati. Historia ya ukingoni mwa ua ni ngumu zaidi, nayo ndiyo yenye uzito.

Udongo uliotupwa na mgodi haukuwa tupu kabisa. Tena mvua za maelfu ya miaka zilikuwa zimekokota almasi chache kutoka katika bomba na kuzitawanya katika changarawe za mabonde ya jirani. Basi watu wa vijijini walichukua jembe na chekecheke. Wengine walichimba mahali palipoachwa huru kwa wachimbaji wadogo. Wengine waliingia ndani ya mpaka wa mgodi usiku, wakitafuta ndani ya changarawe. Walijua kwamba ni kosa. Sheria ilikataza mtu kuwa na almasi ghafi bila kibali, na mlinzi alikuwa na silaha. Mwaka 2020 mashtaka yalipelekwa London: wananchi waliokaa kandokando ya mgodi walidai kwamba walinzi waliwapiga, waliwafungia na kuwapiga risasi, na kwamba baadhi ya ndugu zao walikufa. Waliodai walikuwa 71. Mwezi wa Mei 2021 kampuni ilikubali kulipa pauni milioni 4.3 katika mapatano, na baadaye kikawekwa chombo cha kuyasikiliza malalamiko mengine.

Inafaa kuliangalia jambo hili bila pupa. Mgodi husema, na ni kweli, kwamba pasipo ua hapana mgodi. Mwanakijiji husema, na ni kweli pia, kwamba babu yake alichunga pale kabla ya waya. Ngitili nayo ilikuwa ua, wala aliyeivunja hakuachwa, alitozwa. Tofauti ni kwamba aliyetozwa alikuwa ameketi katika dagashida iliyoweka sharti, na mwisho wa kiangazi majani yale aliyala ng'ombe wake. Mtu hulinda kwa moyo ua ambao siku moja utafunguliwa naye yupo.

Tarehe 7 Novemba 2022 ua ulivukwa kutoka upande wa ndani. Ukingo wa bwawa la kuhifadhia matope ya mgodi ulibomoka. Matope yakatoka, yakapita mpaka, yakafunika mashamba na malisho na kuingia katika nyumba za watu. Mwenyezi Mungu akaepusha vifo. Wale waliokatazwa kwa miaka 80 kuuchukua udongo wa Mwadui waliletewa kwa mafuriko, ukiwa umekwisha kuoshwa.

Maganzo haukupangwa na mtu. Ulikua kwa sababu njia ya Mwanza inapita pale na lango la Mwadui liko jirani. Ulianza kwa chai na mandazi, ukaendelea kwa nyumba za kulala wageni, mafundi baiskeli, wauza chekecheke, na watu wenye mizani midogo na kioo cha kukuzia. Mitaa yake imepinda, na vumbi lake ni jingi. Mwadui una mistari iliyonyooka na miti iliyopandwa kwa kamba. Mtu akitazama kwa macho tu angeuita Mwadui mji na Maganzo kijiji. Lakini Maganzo mtu hununua kiwanja, hushtakiana na jirani juu ya mpaka, hujenga chumba kimoja mwaka huu na cha pili mavuno yakiwa mema. Humkopesha mwanawe duka. Hayo ndiyo mambo yaufanyao mji udumu, na Mwadui, pamoja na umeme wake wa mapema, haukuwahi kuwa nayo.

Mfano wa Geita waonyesha kwamba tofauti hiyo si ya maneno. Dhahabu ya Geita ilijulikana tangu zama za Wadachi, mwaka 1898. Ikachimbwa kwa nguvu tangu miaka ya 1930, na mwaka 1966 mgodi ukafungwa. Kama Geita ungekuwa mji wa mgodi peke yake, ungekufa mwaka ule. Haukufa, kwa sababu ulikuwa na soko, mashamba ya pamba na mihogo, na watu waliokaa kwa haki yao. Ukaa zaidi ya miaka 30 bila mgodi mkubwa, mpaka uchimbaji mpya ulipofunguliwa mwaka 2000. Na mwaka 2012 ukawa makao makuu ya mkoa. Kwa upande mwingine, karibu na Kahama, mgodi wa Buzwagi ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009 ukafungwa mwaka 2021, ukiacha uwanja wa ndege na majengo mazuri ambayo serikali ilikusudia kuyageuza kuwa eneo la viwanda. Miaka 12 tu. Mtoto aliyezaliwa siku ya kufunguliwa hakuwa amemaliza shule ya msingi.

Mwadui umeishi zaidi ya hapo, na bomba lake bado lina mwamba wa miaka mingi. Mji ulipata hata timu ya mpira iliyocheza Ligi Kuu tangu msimu wa 2015/16 mpaka iliposhuka mwaka 2021, na kwa misimu ile watu wa Maganzo na watu wa ndani ya ua walishangilia pamoja katika uwanja mmoja. Hapana jambo jingine lililowaunganisha hivyo. Jumapili ya mchezo lango lilifunguliwa kwa aliyekuwa na tiketi.

Siku za kawaida desturi ni ileile ya tangu Williamson. Mfanyakazi wa mgodi akiisha muda wake hurudisha ufunguo wa nyumba, hufunga mizigo yake, hupekuliwa langoni mara ya mwisho. Wengine hurudi kwao Maswa, Bariadi au Kwimba. Wengine hawaendi mbali. Huvuka barabara, na kwa kiinua mgongo chao hununua kiwanja Maganzo, hupanda minyaa kuzunguka, wakaanza kujenga.